Tafakari ya Juma: Michezo ya Kunywa na Neno "Imetosha"



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa parokia yetu hapa Musoma alitusubiri mlangoni pa sakristia. Alisalimu kwa heshima, akatazama huku na huku kama mtu mwenye jambo zito, kisha akasema: "Baba, kuna mwenzetu anaoa mwezi ujao. Kabla ya harusi tutamfanyia sherehe kwao Butiama, vijana watupu. Tumepanga michezo ya kunywa, ya kufurahisha tu. Wengine wanasema ni dhambi. Tunaomba utuambie."

Tulimkaribisha aketi. Kabla ya kumjibu tulimwomba atueleze michezo yenyewe, kwa maana si haki kuhukumu jambo ambalo hujalisikiliza. Naye akaeleza kwa furaha, huku mikono yake ikionyesha. Wa kwanza ni wa sarafu: unairusha mezani ili iruke na kutumbukia ndani ya glasi, ikiingia, unamchagua mwenzako anywe, ikikosa, unakunywa wewe. Wa pili ni wa karata: kila karata ina amri yake, na anayekosea hunywa toti moja. Wa tatu ni wa chupa tupu inayozungushwa katikati ya duara. Mdomo wake ukimwelekea mtu, huyo hujibu swali la aibu ama hunywa. Wa nne huitwa "sijawahi": mmoja hutaja jambo ambalo hajawahi kulitenda, na wote waliowahi kulitenda hunywa.

Tulicheka pamoja naye, hasa kuhusu huo wa nne, kwa kuwa tulifikiri jinsi waungamishaji wangepungukiwa na kazi iwapo watu wote wangekuwa wepesi kusema kweli namna hiyo. Michezo hii ina akili ndani yake. Inamtoa mwenye haya katika ukimya wake, na wageni wasiofahamiana wanakuwa marafiki kabla nyama haijaiva. Hatukuona ubaya katika kucheka, wala katika sarafu, wala katika karata. Hata pombe yenyewe Kanisa halijapata kuiita dhambi. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na divai ilipowaishia aliwapa nyingine, tena njema kuliko ile ya kwanza.

Hata hivyo hatukumjibu siku ile. Tulimwambia arudi baada ya juma moja. Ukweli ni kwamba swali lake lilitugusa mahali ambapo hakupajua. Leo twaona vema tuwasimulie nanyi, ili jibu letu lisionekane limetoka vitabuni tu.

Ilikuwa mwaka 2001, mjini Bunda. Sisi tunaoandika haya tulikuwa na umri wa miaka 20, tumemaliza masomo ya seminari ndogo, tukisubiri kuendelea na malezi ya upadre. Rafiki mmoja wa utotoni alikuwa na sherehe nyumbani kwao, wazazi wakiwa wamesafiri. Tulikusanyika vijana wanane. Palikuwa na kreti mbili za bia, chupa kadhaa za konyagi, na karata. Sisi hatukunywa. Tulikuwa tumejiwekea nadhiri ndogo ya binafsi, na wenzetu waliiheshimu. Lakini kwa kuwa hatukunywa, walituchagua tuwe refa. Walisema mseminari hawezi kudanganya. Tulipewa kipande cha chaki na ubao wa mlango, tukaandika majina, na kila toti tukaitia alama.

Ni lazima tukiri kwamba tuliifurahia kazi ile. Tulikuwa na mamlaka kidogo, na mamlaka, hata yale ya chaki, hulevya kuliko konyagi. Miongoni mwa wachezaji alikuwapo kijana mpole, mwenye maneno machache, ambaye usiku ule karata zilimkataa kabisa. Alipoteza mara ya tatu, ya nne, ya tano. Alipofika ya sita aliweka mkono juu ya glasi akasema, "Imetosha." Wenzake wakapiga makofi wakiimba, "Kunywa! Kunywa!" Akatutazama sisi, refa. Nasi tukasema, kwa sauti ya mzaha yenye ukali ndani yake, "Sheria ni sheria." Akanywa. Baadaye akasema tena, "Jamani, imetosha." Tukatia alama nyingine ya chaki.

Alipolala tulimbeba hadi chumbani, tukamlaza chali mkekani, tukafunga mlango ili kelele zisimsumbue. Tulidhani tumemtendea wema. Mama mmoja jirani, aliyekuja kulalamikia makelele yetu, ndiye aliyeuliza, "Yule mwingine yuko wapi?" Akaingia chumbani. Alimkuta ametapika akiwa chali, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi. Mama yule alimgeuza ubavu kwa nguvu, akamsafisha kinywa kwa kanga yake, akatupigia kelele tutafute usafiri. Alifikishwa hospitali, akapona. Tunasema akapona, na hadi leo tunamshukuru Mungu kwa neno hilo moja.

Siku ya tatu tulikwenda kumwona. Tulikuwa tumeandaa maneno ya kuomba radhi, mazuri, ya kiseminari. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: "Nilikuwa nimesema imetosha. Wenzangu walikuwa wamelewa, nawasamehe. Wewe ulikuwa hujanywa. Ulinisikia vizuri."

Ndugu wapendwa, tumesoma vitabu vingi vya maadili tangu siku ile. Hatujapata kukutana na fundisho lililo wazi kuliko hilo.

Basi, tulipokuwa tukitafakari jibu la kijana wetu, tulianza kwanza na mwili, kwa sababu mwili nao ni kazi ya Mungu na una kanuni zake. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kileo halisi. Ini la mtu mzima huondoa, kwa wastani, gramu 7 hadi 10 kwa saa. Maana yake chupa moja yahitaji saa mbili au zaidi. Toti moja ya mililita 30 ya kinywaji chenye asilimia 35 ina gramu 8 hivi, yaani kazi ya saa nzima. Sasa tazama mchezo wa karata: mtu aweza kunywa toti 6 ndani ya nusu saa. Ini limepewa kazi ya saa tano, sita au saba, nalo halijui kukimbia. Wala usingizi hausimamishi jambo hilo. Kileo kilichomo tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya mtu kulala, na ndiyo maana aliyelala "salama" saa sita usiku aweza kuwa hatarini saa saba. Kahawa haimsaidii, wala maji baridi ya kichwani.

Mnywaji wa kawaida, hata asiye na kiasi, bado ana kinga moja: hisia yake mwenyewe inayomwambia kwamba sasa kichwa kimekuwa kizito. Mchezo wa kunywa umeundwa ili kuiondoa kinga hiyo. Anayeamua unywe kiasi gani si kiu yako, si akili yako, wala dhamiri yako. Ni karata. Ni sarafu. Ni mdomo wa chupa tupu. Na yule anayepoteza zaidi hunywa zaidi, na kadiri anavyokunywa zaidi ndivyo anavyozidi kupoteza. Ubaya hauko katika kucheza. Ubaya uko pale ambapo mtu aliyeumbwa huru anapokonywa neno "imetosha", na marafiki zake ndio wanaompokonya, tena wakicheka.

Wakristo wa zamani waliyajua haya. Mwaka 1215 Papa Inosenti wa Tatu aliitisha mjini Roma Mtaguso wa Nne wa Laterano. Katika kifungu chake cha 15, Mtaguso ule ulikataza desturi iliyokuwapo mahali fulani ya wanywaji kufungana kwa masharti ili wanywe sawasawa, na kumsifu zaidi yule aliyewalevya wenzake wengi na kumaliza vikombe vikubwa. Huo ni mchezo wa kunywa, umeandikwa katika sheria ya Kanisa zaidi ya miaka 800 iliyopita. Tena amri ile haikuelekezwa kwa walei. Ilielekezwa kwa makleri, yaani sisi. Tuliposoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza seminarini, wenzetu walicheka darasani. Sisi tuliinamisha kichwa, tukaiona chaki mkononi.

Maandiko Matakatifu nayo yanazo karamu za namna hii. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 14, chasimulia arusi ya Samsoni. Katika karamu ya siku saba Samsoni aliwatolea vijana 30 kitendawili, na dau likawa mavazi 30. Kitendawili ni mchezo mwema, lakini dau lilikuwa zito kuliko furaha. Walioshindwa hawakukubali kushindwa, wakamtisha bibi arusi kwamba watamchoma moto, na mwisho wa mchezo ni kwamba watu 30 waliuawa Ashkeloni ili mavazi yao yalipie dau. Adhabu ya mchezo ikizidi mchezo wenyewe, sherehe imekwisha.

Halafu kipo Kitabu cha Esta, sura ya kwanza. Mfalme Ahasuero alifanya karamu kubwa mno, na divai ikawa tele. Lakini mwandishi anataja jambo dogo ambalo wengi wetu hulipita bila kuliona: mfalme aliagiza kwamba mtu asishurutishwe kunywa, kila mgeni atendewe apendavyo. Tazameni, katika ikulu ya kipagani palikuwa na sheria bora kuliko ile ya chumba chetu cha Bunda! Hata hivyo siku ya saba, moyo wa mfalme ulipochangamka kwa divai, aliisahau hekima yake mwenyewe, akamwamuru malkia Vashti aje aonyeshwe mbele ya wageni. Malkia alikataa, na kukataa kwake kukamgharimu taji. Naye, kwa namna yake, alikuwa akisema, "Imetosha."

Huenda mtu akasema kwamba michezo hii ni ya kigeni, na kwamba wazee wetu wa Mara walikunywa vizuri. Tusiwasingizie wema wasiokuwa nao wote. Tulipokuwa wadogo tulipelekwa kwa babu yetu mzaa mama, upande wa Tarime, tukaona chungu cha pombe ya nafaka kimewekwa katikati na wazee wameketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Tuliona pia, asubuhi yake, mama mmoja mwenye jicho lililovimba. Hatutasema kwamba mrija ulikuwa sakramenti. Lakini jambo moja twalikumbuka: hakuna aliyehesabu. Mzee aliyetosheka aliutoa mrija wake, akaegemea kiti, akaendelea na hadithi, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini. Na vijana hawakukaribishwa kabisa. Kunywa pale hakukuwa shindano. Shindano lilikuwa katika maneno, nani atakayekumbuka ukoo kwa vizazi vingi zaidi, nani atakayemjibu mwenzake kwa methali kali zaidi.

Na kwa kuwa sherehe ya kijana wetu itafanyika Butiama, tulimkumbusha mwana wa kijiji hicho, Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa hapo mwaka 1922, akabatizwa Nyegina mwaka 1943, na ambaye mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa na Jimbo letu la Musoma mwaka 2005. Wote wajua kwamba Mwalimu alipenda mchezo wa bao. Sasa, ndugu, adhabu ya bao ni nini? Aliyeshindwa huinuka, humwachia mwingine kiti. Basi. Hutaniwa kidogo, hucheka, husubiri zamu yake. Huo ni mchezo wa watu huru. Kete hupotea, lakini hakuna anayepotezewa akili yake.

Kijana wetu alirudi kama tulivyoagana, tukampa jibu. Tulimwambia: chezeni yote mliyotaja, lakini tenganisheni mchezo na glasi. Anayetaka kunywa na anywe kwa kiasi chake, polepole, akiwa amekula. Mchezo uwe na adhabu nyingine. Sarafu ikikosa glasi, mrushaji aimbe ubeti mmoja kwa lugha ya kwao, awe Mzanaki, Mjita, Mkurya au Mjaluo. Karata ikimkataa mtu, akawahudumie wenzake sato na ugali, au ageuze nyama jikoni mpaka zamu nyingine. Chupa tupu ikimwelekea mtu, atoe kitendawili, na wasiokijua wampe mji. Andikeni methali katika vikaratasi, mviweke kapuni, kila mmoja achukue moja na kuiigiza bila kutamka neno hadi wenzake waitambue. Tumewahi kuona vijana wazima wakigaagaa kwa kicheko kwa sababu mmoja wao alijaribu kuigiza "Haraka haraka haina baraka", na hapakuwa na tone la konyagi.

Na ule wa "sijawahi", tulimshauri auchunge sana hata bila pombe. Siri iliyotoka katikati ya kicheko hairudi ndani. Kwa siri nzito pana mahali pake, na mlango wake u wazi kila Jumamosi jioni.

Kisha tukamwomba mambo matatu. La kwanza: anayesema hanywi, asiulizwe sababu. Huenda anatumia dawa. Huenda ndiye atakayeendesha pikipiki au gari usiku kurudi Musoma. Huenda baba yake alikufa kwa gongo naye ameapa. Huenda alikuwa mlevi, na hii ni sherehe yake ya kwanza akiwa na soda mkononi, na neno lenu moja la mzaha litaibomoa kazi ya mwaka mzima. La pili: wawepo watu wawili wasiokunywa kabisa, si kuhesabu, bali kuangalia, na yeyote aliyekunywa asishike usukani wala asipande pikipiki kama dereva. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, yasema wazi kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wengine barabarani kwa sababu ya ulevi ana hatia nzito. La tatu: mtu akizidiwa, asiachwe peke yake hata dakika moja. Alazwe ubavu, kichwa kikirudishwa nyuma kidogo na mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke. Asipewe kitu cha kunywa. Asipoamka akiitwa, au akipumua polepole mno, au akibadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja, na mtu asione haya kwa sababu ya wazazi au ya Padre. Afadhali mzazi akasirike kuliko mzazi azike.

Kijana alituuliza, "Lakini Baba, wakisema sherehe imepoa?" Tukamjibu kwamba pombe iliyonywewa kwa kulazimishwa haijapata kuchangamsha sherehe. Huipasha moto kwa saa moja, halafu wageni nusu wamelala na nusu wanagombana. Pombe kali za viroba zilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi 2017, nasi tulishangilia. Lakini serikali haiwezi kupiga marufuku neno "kunywa!" likiimbwa na marafiki kumi kwa makofi. Hilo lapigwa marufuku na rafiki mmoja tu, anayesema kwa sauti, "Mwacheni. Amesema imetosha."

Twarudi Kana, mahali pa kuanzia na kumalizia. Yohane anaeleza kwamba mabalasi sita ya maji yaligeuka kuwa divai, kiasi kikubwa ajabu. Bwana alitoa kwa wingi, lakini hatusomi popote kwamba alimshikia mtu kikombe mdomoni. Ukarimu wa Mungu huweka mbele yetu na kutuacha huru. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 31, anatuasa tusijaribu kuonyesha ushujaa wetu kwa divai, na papo hapo anakiri kwamba divai inywewayo kwa wakati wake na kwa kiasi ni furaha ya moyo. Yote mawili ni Neno la Mungu, wala halipingani.

Yule rafiki yetu wa Bunda alikuja siku ya upadrisho wetu, miaka 9 baadaye, pamoja na mkewe. Wakati wa chakula, kijana mhudumu alipita akimimina vinywaji. Alipofika kwake, rafiki yetu aliweka mkono juu ya glasi. Mhudumu akasema, "Sawa, kaka," akaendelea na mwingine. Ilikuwa jambo la sekunde mbili, hakuna aliyeliona isipokuwa sisi wawili. Alitutazama kutoka mbali, akatabasamu. Usiku ule, kabla ya kulala, tulimshukuru Mungu kwa ajili ya mikono yetu iliyopakwa mafuta, na kwa ajili ya mkono ule juu ya glasi.

Juma hili, wapendwa, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani karibu yangu amesema "imetosha", nami nimejifanya sikusikia? Si kwenye glasi tu. Katika ndoa, katika kazi, katika deni, katika maneno ya mzaha. Tusikiapo neno hilo, tuweke chaki chini.

Mwenyezi Mungu awabariki, na Mama Bikira Maria, aliyekuwa mgeni Kana, aziombee karamu zetu zote. Amina.